Kisu Kilichokuwa Kibindoni

Kwanza niwaondolee wasiwasi: mimi si mwanasheria, na sikuwahi kuwa. Nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Bujumbura kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya mtu anayesema Kiswahili na majaji wanaoandika Kifaransa na kuongea Kirundi, na kuhakikisha kwamba linaloingia upande huu linatoka upande ule bila kuongezeka wala kupungua. Ukiisoma sentensi hiyo unaweza kudhani ni kazi nyepesi. Nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu.

Nawaandikia nyinyi mnaotaka kuingia kazi hii, maana mnakuja kwangu Musaga mmoja mmoja, mnakaa barazani, mnauliza maswali yale yale. Afadhali niyajibu mara moja. Wiki iliyopita alikuja Inesi, binti wa dada yangu, anayesoma sheria. Alikuwa na mtihani.

"Tonton," akaniambia, yaani mjomba, "silaha iliyofichwa ni nini?"

"Unataka jibu la kitabu ao la mahakamani?"

"La kitabu kwanza. Mutihani ni Jumatano."

La kitabu nilimpa kama nilivyolisikia likisomwa miaka yote. Sheria, kwa maneno yangu mimi na si kwa maneno yake yenyewe, haiangalii ukali wa chombo peke yake. Bunduki na bomu la mkono havina mjadala. Vilitengenezwa kwa kazi moja, na kuwa navyo tu bila ruhusa ni kosa. Lakini vitu vingine vyote, vya kukata, vya kutoboa, vya kuponda, vinakuwa silaha pale mtu anapovichukua kwa nia ya kuua, kujeruhi au kupiga, hata kama mwishowe hakumgusa mtu. Kwa hiyo nyundo ya fundi ni nyundo. Nyundo hiyo hiyo ikiondoka nyumbani kwa ajili ya kichwa cha jirani, imekuwa silaha tangu mlangoni. Kichwa cha jirani hakijafikiwa bado, lakini kesi ipo.

Na kufichwa? Hapo ndipo kitabu kinapowaachia watu kazi.

Nilisikia kesi moja ya bwana wa Kinindo, suti safi, viatu vinang'aa. Sikuwa na kazi siku hiyo. Kifaransa chake kiliwashinda hata majaji, nikakaa nyuma nikasikiliza. Alikuwa amekutwa na bakora ambayo ukibonyeza kitufe kichwani mwake unachomoa upanga mwembamba, urefu wa mkono. Akasema ni urithi wa baba yake na hakujua kama inafunguka. Jaji akaomba apewe bakora aishike kidogo, aonyeshe anavyotembea nayo. Kidole gumba cha yule bwana kikaenda chenyewe kwenye kitufe. Watu wote tuliona. Naye aliona kwamba tumeona.

Hiyo ni silaha iliyofichwa ya aina rahisi: chombo chenyewe kimezaliwa kinadanganya. Ngumu ni nyingine. Kulikuwa na mtunza bustani mmoja, Mkongomani wa Uvira, akifanya kazi kwenye nyumba za Gihosha. Alisimamishwa barabarani na panga limefungwa kwenye baiskeli, makali yamezungushiwa gunia. Aliyemkamata akaandika kwamba limefungwa gunia, basi limefichwa. Mtunza bustani akasimama mbele ya majaji, kofia mkononi.

"Muheshimiwa, mi nafunika ili lisikate mutu. Nikiacha wazi, mutasema natisha watu. Munataka nilibebe namna gani?"

Nililitafsiri hilo neno kwa neno, na "nafunika" nikalitia kwa neno la Kifaransa la kufunika, si la kuficha. Waliongea kidogo kati yao wakamwachia aende kukata majani yake. Nikajiona nimeiva.

Sasa kabla sijafika kwenye kosa langu kubwa, niwaambie aliyenifundisha. Tulimwita Mzee Salim. Familia yake ilitoka Omani vizazi vingi nyuma na wana duka la vitambaa mjini. Yeye aliiacha biashara kwa ndugu zake akaja mahakamani, kwa sababu, alivyosema, alipenda kusikia watu wakieleza mambo yao. Alinifundisha kusema "mimi" pale mshtakiwa anaposema "mimi", wala si "anasema kwamba yeye". Alinifundisha kutotengeneza jibu la kipumbavu liwe la busara. Mtu ana haki ya kujibu kipumbavu. Alinifundisha kumeza mate kabla ya kutamka tarakimu. Lakini juu ya yote alinifundisha kuinua mkono.

"Neno usilolijua," alisema, "inua mkono, uliza. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja."

Somo hilo alinipa baada ya kesi ya madereva wawili wa malori, Watanzania, waliogombana mpakani. Mmoja alisema kuhusu mwenzake, kwa sauti ya upole kabisa: "Huyu nitakula naye sahani moja." Mimi nikamwambia jaji kwa Kifaransa kwamba bwana huyu yuko tayari kula na mwenzake kutoka sahani moja. Jaji alifurahi sana. Akawasifu, akasema laiti wote wangekuwa hivyo. Hatukumaliza kukusanya makaratasi tukasikia kishindo koridoni. Yule wa sahani alikuwa ameshavua mkanda. Mzee Salim akanieleza, machozi ya kicheko yakimtoka, kwamba kwa wenzetu wa huko kula na mtu sahani moja ni kupambana naye mpaka mwisho. Kiswahili changu nilikipata Buyenzi, nikicheza mpira na watoto wa huko, na kule sahani moja ilikuwa sahani moja.

Siku zile karani aliandika kwa mashine ya chapa. Ulisema sentensi, ukangoja vidole vyake vimalize, na katika kungoja huko ulipata nafasi ya kujirekebisha. Kompyuta zilipokuja, nafasi hiyo ikafa. Karani anamaliza kabla hujamaliza wewe. Nyinyi mna simu zenye kamusi ndani; zitumieni, lakini si wakati mtu anaongea, kwa sababu mtu huongea kwa macho yake pia.

Haya. Bi Mwajuma.

Alikuwa mwanamke wa Ujiji, miaka arobaini na kitu, mwembamba, anaongea Kiswahili cha kwao kilichonyooka. Alikuja Bujumbura kwa ndugu yake wa Buyenzi, na kazi yake ilikuwa kusafisha samaki kwenye soko moja karibu na ziwa. Watu wananunua mikeke yao, wale samaki wa ziwa letu, wanampelekea. Anaparua magamba, anapasua, anatoa matumbo, anaosha. Alikuwa na jiwe lake karibu na bomba la maji, na katika kazi ile, aliye mbali na bomba hana wateja.

Asubuhi moja msimamizi wa soko alimwondoa kwenye lile jiwe ili ampe mtu mwingine. Waligombana mbele za watu. Mashahidi wote walikubaliana alichosema mwisho: "Hili haliishi hapa. Nakuja ofisini kwako." Kabla ya adhuhuri akaenda kweli, moja kwa moja kutoka kwenye samaki. Mlangoni pa ofisi kulikuwa na mlinzi wa kike, Esperansi, aliyewekwa kupekua wanawake. Akamuuliza, "Mama, uko na silaha?" Bi Mwajuma akajibu, "Sina." Esperansi akampekua, akatoa kisu cha samaki, akaita polisi. Mashtaka yakawa kuingia ofisini na silaha iliyofichwa kwa nia ya kumdhuru msimamizi.

Aliletwa mbele ya mahakama mara ya kwanza ili iamuliwe kama abaki gerezani akingoja kesi au la. Ilikuwa asubuhi ya mafaili mengi. Feni imekufa, mwendesha mashtaka ana haraka, mimi nimesimama tangu saa mbili. Hakuwa na wakili. Mwendesha mashtaka akauliza kisu kilikuwa wapi. Nikauliza kwa Kiswahili. Akajibu bila kufikiri:

"Kilikuwa kibindoni, kama siku zote."

Katika Kiswahili chetu cha Bujumbura neno hilo halitembei. Sisi tunasema mu kiuno, mu mufuko, basi. Mimi nilikuwa nimelikuta kwenye ile methali ya hamadi kibindoni tu, nikaishi miaka yote nikiamini kwamba kibindo ni mahali pa siri, pale mtu anapositiri kitu wengine wasijue kama anacho. Nilijua kwamba silijui vizuri. Hilo lazima niliseme. Kwa muda wa pumzi moja nilijua, na mkono wangu ulikuwa huru kabisa kuinuka. Lakini pale mahakamani watu waliamini kwamba najua Kiswahili chote kuanzia hapa mpaka baharini, nami nilikuwa nimewaacha waamini.

Nikasema kwa Kifaransa: "Nilikuwa nimekificha ndani ya nguo, kiunoni, kama ilivyo desturi yangu."

Karani akaandika. Mwendesha mashtaka akainua kichwa. "Kwa hiyo ni desturi yako kutembea na kisu namna hiyo?" Nikamgeukia Bi Mwajuma: "Kumbe ni kawaida yako kutembea na kisu hivyo?"

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyeulizwa kama huvaa viatu. "Si ndiyo kazi yangu?"

Nililipeleka hilo pia. Halikumsaidia. Maelezo yakachapwa, nikamsomea kwa Kiswahili changu cha harakaharaka, kisu, kiunoni, ndani ya nguo, akaitikia "mm", akaweka dole gumba. Wakamrudisha gerezani. Mimi nikaenda kula. Nakumbuka ilikuwa maharage na ndizi, kwa sababu hakuna kitu kingine siku ile nilichokiona cha kukumbuka.

Wiki tano zikapita. Jumamosi moja mke wangu alinituma samaki. Mama aliyeniuzia alikuwa wa Kigoma, nilimtambua kwa maneno. Alikuwa ananifungia mikeke, simu yake ikalia. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili.

"Nitolee simu, bibi, mikono yangu ina magamba."

"Iko wapi?"

"Si hiyo hapo kibindoni! Huioni?"

Mimi niliiona. Nilikuwa nimeiona tangu nifike. Ilikuwa imechomekwa kwenye mkunjo wa kitenge alichojifunga, pale tumboni, nusu ndani nusu nje, na kava lake jekundu. Kila mtu aliyepita mbele ya meza ile aliiona. Mwenzake akainyofoa, akamwekea sikioni. Nilifika nyumbani bila samaki. Nilikuwa nimelipa nikawaacha juu ya meza.

Jumatatu mchana nilikwenda dukani kwa ndugu zake Mzee Salim. Alikuwa ameshastaafu, anakaa pale kwenye kiti cha plastiki, anapokea salamu. Nikamuuliza kibindo ni nini. Alichukua kikoi kwenye rafu, akajifunga juu ya suruali, akakunja ukingo wa juu, akachomeka miwani yake pale.

"Unaiona?"

"Naiona."

"Basi ndiyo kibindo. Kwa mtu asiye na mfuko, ndiyo mfuko. Kwa nini unauliza?"

Nikamweleza. Alivua kikoi, akaanza kukikunja. Kwanza kati, halafu robo, akilinganisha pembe na pembe kama vile kuna mtu atakipima.

"Mama huyo yuko wapi sasa?"

"Gerezani."

"Tangu lini?"

"Wiki tano, Mzee."

"Na wewe, Boni, wiki hizo tano umelala wapi?"

"Kwangu."

Akarudisha kikoi kwenye rafu.

"Mzee, nikienda kusema, wanaweza kunifukuza. Nilikula kiapo. Hata kunishtaki wanaweza."

"Wanaweza," alisema.

Nilingoja aongeze neno. Aliingia mteja kuulizia kitambaa cha mapazia, naye akamgeukia huyo.

Sitawadanganya kwamba nilitoka pale nikiwa shujaa. Nilikuwa na miaka mitatu tu kabla ya kustaafu, na nilikuwa na mpango mwingine. Kesi ilikuwa inarudi baada ya siku tisa. Nilifikiri: nitasimama tena mimi, ataulizwa tena, safari hii nitalitafsiri neno sawasawa, mambo yatajinyoosha bila mtu kujua. Nikautunza mpango huo siku mbili. Ulikuwa mzuri, ila una shimo katikati. Yale maelezo ya kwanza yalikuwa na dole gumba lake. Akisema sasa kwamba kisu kilikuwa wazi, mwendesha mashtaka atafungua faili na kusema: mwezi uliopita ulikiri umekificha, leo umefundishwa gerezani useme vingine. Kosa langu lilikuwa limeshageuka kuwa uongo wake. Nisingeweza kulirekebisha bila kusema kwamba lilikuwa langu.

Alhamisi asubuhi nilibisha mlango wa Madamu Prezida, jaji mwanamke aliyeongoza chumba kile. Alikuwa mtu wa maneno machache, kalamu yake imefungwa kamba ili isiibiwe. Nilisema nikiwa nimesimama.

"Unajua unachoniambia?" aliuliza.

"Najua, Madamu Prezida."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu Jumamosi nimeona kibindo."

Alisukuma karatasi nyeupe mezani. "Andika. Kwa Kifaransa. Usiipambe."

Niliandika mistari kumi na moja, nikatia sahihi.

Siku ya kesi nilikaa kwenye benchi la watu wa kawaida. Mahali pangu alisimama Rehema, mkalimani kijana wa Buyenzi, mwaka wake wa pili kazini. Swali likaulizwa upya: kisu kilikuwa wapi? Bi Mwajuma, aliyekuwa amekonda zaidi, akajibu vile vile, neno kwa neno: kilikuwa kibindoni, kama siku zote.

Rehema akainua mkono. "Madamu Prezida, naomba mshtakiwa alieleze neno hilo mwenyewe."

Sekunde mbili tu. Hakuna aliyemcheka.

Bi Mwajuma alitutazama wote kama watoto waliochelewa kujua kuvaa. "Kibindo ni hapa," akasema, akagusa mkunjo wa kanga yake. Jaji akataka kuona. Kisu kilikuwa kimefungwa kama kielelezo, basi karani akampa rula yake. Akaichomeka. Nusu ya rula ikabaki nje, inaonekana mpaka mlangoni.

Mwendesha mashtaka hakuwa mjinga. Alisema: leo anaionyesha kwa sababu anatazamwa, siku ile huenda kisu alikisukuma ndani. Akasoma maelezo ya zamani. Jaji akasoma karatasi yangu kwa sauti, mistari yote kumi na moja, na jina langu. Nilitazama sakafu. Kisha akamwita Esperansi, mlinzi wa mlangoni.

"Kisu ulikipataje?"

"Nilikiona, Madamu."

"Ulikiona kabla ya kumpekua ao nyuma ya kumpekua?"

"Mbele ya kumpekua. Mupini ulikuwa inje. Mi niliona mupini, ndiyo maana nikamuuliza kama iko na silaha."

Jaji akageuza kurasa za faili, akatafuta, akakosa.

"Mbona hukusema hivi ulipoandikwa na polisi?"

"Hakuna mutu aliniuliza, Madamu. Waliniuliza kama nilipata kisu. Nikasema ndiyo, nilipata."

Basi. Karibu wiki saba mwanamke yule alikuwa gerezani, na kumbe mtu aliyeuona ule mpini alikuwa akija kazini kila siku, anasalimia watu, anangoja kuulizwa. Simlaumu. Alijibu alichoulizwa, afadhali yeye kuliko mimi niliyejibu nisichoulizwa.

Likabaki la nia. Jaji akamuuliza Bi Mwajuma mwenyewe: ulikwenda ofisini na kisu kufanya nini?

"Sikwenda na kisu. Nilikwenda na hasira. Kisu kilikuwepo tu."

"Lakini mlinzi alikuuliza kama una silaha, ukasema huna."

"Silaha?" Alimgeukia Rehema, akidhani pengine neno limeharibika njiani. Rehema akalirudia. "Mama, kile ni cha samaki. Kina magamba mpaka sasa, mkifungue muone."

Wakakifungua. Yalikuwapo, yamekauka, yanang'aa kidogo kwenye makali.

Hukumu ilisomwa siku kumi baadaye. Nawaandikia kiini chake, maana ndilo jibu la mahakamani nililomwahidi Inesi. Kitu ambacho yeyote anayesimama mbele yako anakiona bila kukugusa hakijafichwa, hata kama hukukitangaza. Kifaa cha kazi kinabaki kifaa cha kazi mpaka ithibitike kwamba mwenyewe alikichukua kwa ajili ya mtu. Hasira peke yake haithibitishi, kwa sababu angekuwa na kisu kile hata siku ya furaha. Na ofisi ikitaka visu viachwe mlangoni, ina haki hiyo, lakini hiyo ni amri ya mlango, si sheria ya silaha. Aachiwe. Arudishiwe mali yake.

Mimi nilipewa barua ya onyo na miezi mitatu ya kutokaa mahakamani. Nilitafsiri barua za zamani katika chumba kisicho na dirisha. Wangeweza kunifanyia zaidi. Kwa nini hawakufanya, sikuuliza. Niliporudi, nilikuwa nainua mkono mara nyingi mpaka jaji mmoja akaniuliza kama bado najua Kiswahili. Nikamwambia nakijua kidogo. Jiwe la karibu na bomba lilikuwa limeshapata mtu mwingine, na hukumu haikusema kitu juu ya jiwe.

Siku aliyoachiwa, nilimngoja koridoni. Karani alikuwa anamtafutia kisu chake kabatini. Aliniona, akanikumbuka.

"Wewe si ndiye uliyekuwa ukinisemea?"

"Ndimi, mama. Nilikosea neno lako. Naomba unisamehe."

"Neno lipi?"

"Kibindo. Sikulijua."

Alinitazama bila chuki, na hilo lilikuwa gumu kuliko chuki. "Mbona hukuniuliza? Nilikuwa hapo hapo."

Karani akatoka na kisu, kimefungwa kikaratasi chenye namba ya faili. Bi Mwajuma akaweka dole gumba kwenye daftari, akakipokea, akang'oa kile kikaratasi. Mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni, kama ulivyozoea. Ukaishia njiani. Mwishoni mwa korido polisi wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wanatazama huku.

Akamwomba karani gazeti kuukuu. Akakiviringisha kisu mara mbili, akachuchumaa, akafungua begi lake, akatoa nguo zote alizotoka nazo gerezani. Kisu akakilaza chini kabisa. Akarudisha nguo juu yake, na ndala juu ya nguo, akafunga zipu.

"Sasa nimekificha," alisema, si kwangu wala kwa karani.

Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaenda mlangoni. Wale polisi wawili walimtazama kiunoni, hawakuona kitu, wakampisha.